Burashi ya Barnabé Yapelekwa kwa Msusi

Barnabé wa Kyebando alikuwa na burashi moja nyembamba ya kuandikia mabango. Vita vilipomtoa Bukavu nguo aliziacha, burashi akaichomeka kiunoni. Herufi zake zilikuwa laini hata nzi akitua juu yake anateleza. Nimewaona nzi hao kwa macho yangu.

Jirani yake Wandera, Mkenya mwenye roho nzuri na haraka nyingi, aliiazima apake mlango rangi ya mafuta kabla wakwe zake hawajafika. Alipomaliza akaisuuza kwa maji matupu, kama kikombe cha chai, akaianika juani. Rangi ya mafuta inatoka kwa maji wapi? Ikarudi ngumu kama msumari. Panya aliyejaribu kuitafuna alikunywa uji tu tangu siku hiyo.

Na Phelister, mwenye mgahawa kule Wandegeya, alitaka bango lake jioni ileile, la sivyo kazi ampe fundi mwingine. Barnabé hakuwa na kazi nyingine.

"Kaka, nitakununulia mpya," Wandera akasema, macho chini.

"Utainunua wapi? Hii ni ya marehemu baba."



Emérence, mke wa Barnabé, alikuwa kibarazani akimsuka mteja. "Nywele zimeshikana tu, na nyie mmeshaanza matanga? Mleteni huyo mgonjwa!"

Akachemsha siki, akaizamisha burashi. Harufu ile, banange, ndege walipita mbali. Rangi ilipolegea akachukua kitana, akaichana taratibu, kama kichwa cha mtoto anayelia. Kisha mafuta ya taa, kisha sabuni. Kila unywele ulipong'oka, Barnabé alishika kichwa chake.

Zilibaki nusu. Emérence akazikaza kwa uzi wa kusukia. Barnabé akachovya rangi, akavuta herufi ya kwanza kwenye ubao wa Phelister. Ilitoka nyembamba kuliko zamani, lakini imenyooka. Akamtazama mkewe, akavuta ya pili.

Bango lilipokwisha, Wandera akanyoosha mkono. "Kaka, niachie niioshe."

"Kwa kitu gani tena, maji?"

"Mafuta ya taa. Halafu sabuni."

"Halafu?"

Wandera akamtazama Emérence.

"Umfunge gazeti, umlaze chali!" Emérence akapaza sauti. "Ukimsimamisha kwa kichwa atapinda shingo!"

Barnabé akampa burashi. Ila kopo la mafuta ya taa akalishika mwenyewe.