Kilo Nane za Kwenda Baharini

Kwa mara ya nne siku hiyo Mwalimu Rebeccah aliukung'uta mfuko wake kitandani, vitu vikamwagika ovyo: masweta mawili, koti zito, gauni la kanisani, Biblia, taulo, viatu vya gumbuti. Akavitazama, mikono kiunoni.

Kesho kutwa alfajiri alitakiwa kuondoka kijijini kwao Boito kwenda Kilifi. Huko yeye na wenzake saba wa kujitolea wangepanda yoti ya matanga, wafuate pwani kwa siku kumi hadi Lamu, wakishuka fukweni kuhesabu taka za plastiki. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Alifundisha jiografia kwa miaka thelathini na miwili, akachora ubaoni maji kupwa na maji kujaa hata angeweza kuyachora akiwa amefumba macho. Bahari yenyewe hakuwahi kuiona.

Nahodha wao, Joab Owiti, mstaafu wa jeshi la wanamaji, alikuwa amewatumia orodha kwa simu. Mfuko mmoja laini, usio na magurudumu, usiozidi kilo nane. Nguo nyepesi za mikono mirefu, zinazokauka haraka. Jinzi, hapana. Koti la mvua. Kofia yenye kamba ya kidevuni. Viatu vya soli isiyoacha alama. Kila kitu kifungwe ndani ya plastiki isiyoingiza maji. Rebeccah aliisoma hata akaikariri, na bado mkono wake ulirudi kwenye masweta. Mtu aliyezaliwa katika baridi ya majani chai hajui kufunga safari bila sweta.

Akavirudisha vyote, akaubeba mfuko hadi kituo cha kununulia majani chai, ambako karani Kimeli alikuwa akingoja lori la kiwanda.

"Nipimie huu."

Kimeli aliutundika kwenye ndoano ya mzani. "Kumi na tatu na nusu, Mwalimu. Nikitoa nusu kilo ya gunia, kumi na tatu."

Wanawake waliokuwa wakichambua majani yao walicheka, naye akacheka nao, lakini njiani kurudi kicheko kilikuwa kimeshamtoka. Alitoa gumbuti. Alitoa gauni. Alibandika chai, akaenda kumwangalia ng'ombe ambaye alikuwa ameshakamuliwa, na aliporudi sufuria ilikuwa imefurika na kuzima moto. Hakuibandika tena. Alijaribu kofia mbele ya kioo, akaivua, akaijaribu tena.

Ndivyo bintiye Sally alivyomkuta. Sally alifanya kazi ofisini Kericho, na tangu aliposikia habari za safari hii hakuwa amesema neno moja jema juu yake. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akapekua vile vitu kwa kidole.

"Na dawa za presha ziko wapi?"

"Ziko."

"Ziko wapi, Mama? Hapa sizioni."

Dawa zilikuwa kabatini jikoni, nyuma ya mkebe wa sukari. Rebeccah hakuzipakia kwa sababu wangelala watu wanne chumba kimoja, na hakutaka macho ya watu.

"Uliwaambia hao watu kwamba uko na presha?"

"Niliwaambia yote waliyotaka kujua," alijibu, akaanza kukunja taulo lililokuwa limekunjwa tayari.

Haikuwa kweli. Kwenye fomu ya safari, pale walipouliza kama ana ugonjwa wowote, aliandika hapana.

Sally alitoka nje. Haikupita nusu saa, simu ya Rebeccah ikalia. Alikuwa Joab.

"Mwalimu, binti yako amenipigia."

Rebeccah aliketi.

"Presha si shida," Joab aliendelea, bila kupandisha sauti. "Nina wazee wengine wawili wenye presha. Hao waliandika. Kuna fukwe tutashuka ambazo hospitali iko mbali, mwendo wa saa sita nzima. Nikijua, najipanga. Nisipojua, umenifunga macho halafu ukanipa usukani. Niletee barua ya daktari kesho kabla ya saa kumi. Bila hiyo, nafasi nitampa mtu mwingine."

Alimkuta Sally nyuma ya nyumba, amesimama kando ya tanki la maji.

"Umeniuza," Rebeccah alisema. "Mtoto wangu mwenyewe."

"Ndiyo, nimepiga. Baba alianguka pale." Sally alionyesha mistari ya chai, hatua chache tu kutoka uani. "Barabara iko hapa, simu alikuwa nayo mfukoni, na bado tulichelewa. Sasa huko kwa maji?"

Rebeccah alimpita, akaingia shambani, akatembea mstari baada ya mstari hadi sketi yake ikalowa mpaka magotini. Alitaka kukasirika vizuri, hasira ya haki, lakini kila alipoishika ilimponyoka, kwa kuwa aliyedanganya alikuwa yeye.

Asubuhi alikwenda Kericho peke yake. Kwenye kliniki, tabibu kijana aliyeitwa Dorine alimfunga mkanda mkononi, akasoma, akakunja uso.

"Mia moja sabini na mbili. Umelala, Mama?"

"Sikulala."

"Basi kaa hapo nusu saa. Usiongee, usishike simu."

Alikaa. Mguu wake ulikataa kutulia, akaukandamiza na ule mwingine. Aliposhindwa kabisa, alianza kutaja kimoyomoyo miji ya pwani kutoka kusini kwenda kaskazini, kama alivyowafundisha wanafunzi. Kipimo cha pili kilikuwa mia na hamsini na nane. Cha tatu, mia na arobaini na nne.

"Nitaandika ukweli," Dorine alisema. "Unaweza kwenda ukimeza dawa kila siku, bila kuruka, na wenzako wajue. Wote."

"Wote," Rebeccah aliitikia, na uso ukamwaka kwa aibu.

Alituma picha ya barua saa tisa na dakika ishirini. Saa kumi ikafika, ikapita. Saa kumi na moja alikuwa nyumbani, anafagia ua uliokuwa safi, simu ikiwa kifuani. Ujumbe ulipoingia ulikuwa mfupi: "Tumekubaliana. Dawa seti mbili. Moja ya kwako, moja nitaiweka mimi."

Alimwonyesha Sally. Sally alisoma, akaingia chumbani, akaanza kuviringisha blauzi moja moja kwa kukaza, kama chapati. Alirudisha koti zito kabatini. Sweta moja aliliacha mfukoni.

"Upepo wa usiku," alisema.

"Ungeniambia kabla ya kupiga."

"Ungenikataza."

"Ningekukataza, ndiyo."

Wakaendelea kupunguza na kufunga. Dawa Sally alizitia kwenye plastiki mbili, akatoa hewa, akazifunga.

Alfajiri ilipofika, ukungu ulikuwa umelala juu ya chai na Sally ndiye aliyebeba mfuko hadi barabarani. Taa za gari zilipojitokeza kwenye kona, hakuuachia.

"Lakini Mama, hiyo bahari ina nini?"

"Sijui," Rebeccah alisema, akaushika mkanda wa pili. "Miaka yote hiyo nilisimama mbele ya watoto nikisema kama mtu anayejua."

Gari likasimama. Wakauinua mfuko pamoja.