Ngazi za Mbao

Kila alasiri kabla ya mazoezi, msichana waliyemwita Sauti aliukunja mkanda mara mbili, akaupiga kwenye gunia la mchanga nyuma ya pazia, kisha akatega sikio. Pigo likisikika butu, alilikaza gunia. Likiwa kali mno, alilifunika kwa kitambaa. Jina hilo alibandikwa na wenzake kwa mzaha: mdomo wake ulikuwa mzito kama jiwe, ilhali kila radi na kila mlango uliobamizwa katika michezo ya chuo ulitoka mikononi mwake.

Alasiri moja alipiga mara ya tatu, na kutoka chumba cha mavazi kilichopakana na jukwaa mtu akasema taratibu, "Jamani, nileteeni kitambaa. Nisije nikachafua gauni la watu."

Aliyesema hivyo ni mshonaji wa chuo, na ndiye mama yake mzazi. Alikuwa amepiga magoti akikunja pindo la gauni la malkia, pini zimejaa mdomoni. Blauzi yake ilikuwa imechanika mgongoni mistari mitatu, na nyama iliyokuwa chini yake nayo imechanika vivyo hivyo. Damu ilishuka mpaka kiunoni. Msichana aliyeigiza malkia katika mchezo wa mwenzao alikuwa amenyoosha mikono pembeni ili asichomwe na pini.

"Pole, mama," akasema. "Nivue?"

"Simama hapo hapo. Bado upande mmoja."

Sauti alichungulia, akautazama mgongo, akautazama mkanda. Akarudi kwenye gunia, akaligonga kidogo tu. Ngozi ya bega la mama yake ikapasuka.

Chuoni hapo kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho aliandika mchezo wake na kuuweka jukwaani mwenyewe. Mwigizaji hakuguswa kamwe. Mpigaji alirusha mkono hewani, mpigwaji akageuza shingo, na mtu wa nyuma ya pazia akatoa kishindo. Mchezo wa Sauti ulihusu mume na mke, na vishindo alivitoa yeye. Stoo ya chuo haikuwa na mkanda, kwa hiyo aliuchukua ule uliotundikwa msumarini nyuma ya mlango wa chumba cha wazazi wake.

"Tatizo ni huo mkanda," alisema Bonge, aliyeigiza mume. "Tafuta kitu kingine."

Akatafuta. Alipopiga gunia kwa kandambili, jicho la mama yake lilivimba likafumba. Alipopiga kwa waya wa pasi, mapaja yalichanika. Alipoangusha kiti, mfupa wa bega ulilia kama kuni kavu, na jino likadondoka ndani ya kopo la vifungo. Mama alilichambua kutoka kwenye vifungo, akalitia mfukoni, akaendelea kushona kwa mkono mwingine.

Mhadhiri alikuja kutazama. Aliagiza litandikwe turubai chini ya cherehani, na sakafu ipigwe deki kabla ya kundi linalofuata kuingia.

"Angalau tumeokoa pesa ya rangi nyekundu," alisema Bonge. "Ile ya dukani haitoki kwenye nguo."

"Hata hii haitoki, mwanangu," alisema mama. "Labda uiloweke mapema kwenye maji baridi na chumvi."

Jioni alikuja baba. Alikuwa na duka la dawa, na watu walimwita Daktari kwa heshima. Alimkuta mkewe ameketi juu ya turubai, akafungua begi lake, akaanza kumsafisha. Mikono yake ilikuwa myepesi. Alipuliza kila kidonda kabla ya kukigusa na pamba, na wasichana wa chuo wakakonyezana: mume ndiye huyo.

"Mama watoto alianguka ngazini," aliwaeleza. "Tena si mara moja. Sasa ndiyo majeraha yanatoka."

Neno hilo lilikuwa la nyumbani kwao tangu Sauti akiwa mdogo. Alilijua kabla ya kujua kuhesabu. Hata mwisho wa mchezo wake, mke alipoulizwa na jirani, alijibu, "Nilianguka ngazini." Sauti alilifuta jibu hilo mara nyingi, na kila mara mkono ulilirudisha.

"Kama ameanguka ngazini, basi ngazi ziwepo," alisema mhadhiri. "Mtazamaji haamini asichokiona." Wanafunzi wa useremala wakaunda ngazi nzuri za mbao, zilizopanda hadi juu na kuishia hewani.

Siku ya onyesho, asubuhi, Sauti alimfuata mama yake chumba cha mavazi.

"Mama, najitoa."

"Ukijitoa utafeli."

"Nifeli."

"Ukifeli, lile kundi la maigizo ya kuzunguka halikuchukui. Utarudi kukaa nyumbani." Mama alikata uzi kwa meno yaliyobaki. "Unataka kurudi kukaa nyumbani?"

Sauti alitikisa kichwa.

"Basi piga. Tena piga vizuri, usinipapase. Hizi ni alama za zamani, mwanangu. Zilishauma."

Ukumbi ulijaa. Baba alikaa mstari wa mbele na mkewe, begi mapajani. Mchezo ulianza. Bonge alirusha mkono hewani, na nyuma ya pazia Sauti akapiga. Shavu la mama lilipasuka. Alipiga tena, na tena, jinsi mchezo ulivyotaka, machozi yakimchuruzika bila mlio. Mkanda, kandambili, waya. Alipoangusha kiti, mkono wa mama ulining'inia. Watazamaji wa pembeni walisogeza viatu damu isiwafikie, na mwanamke mmoja akampa mama leso yake. Baba alifunga bandeji moja baada ya nyingine bila kuondoa macho jukwaani, kama mtu anayefuata mpira huku akimenya karanga. Ngazi zilisimama jukwaani muda wote, na hakuna aliyezikanyaga.

Makofi yalikuwa mengi. Mhadhiri alimvuta Sauti mbele ya pazia, kwa maana ilikuwa desturi kwamba mwandishi ajibu maswali.

Baba hakungoja maswali. Alimshika mkewe kiwiko, funguo za gari mkononi, wakapanda njia ya katikati kuelekea mlango wa nyuma. Watu walimpisha. "Hongera, Daktari," walisema. "Binti ana kipaji." Alishukuru kila mmoja. Karibu na mlango palikuwa na vidato vichache vya saruji. "Taratibu, mke wangu," alisema kwa sauti ya kusikika. "Unajua wewe na ngazi." Mama alivipanda vyote akiwa na jicho moja, na mguu wake haukuteleza hata mara moja. Mlinzi akawafungulia mlango.

Mzee mmoja alinyoosha mkono. "Mimi sijaelewa zile ngazi. Zimetengenezwa vizuri, lakini mbona mke hakuzipanda?"

Sauti alitazama viatu vyake. Midomo yake ilicheza.

"Sema kwa nguvu," alisema mhadhiri. "Walio nyuma hawasikii."

Nyuma kabisa, mlangoni, mama alikuwa amesimama, ingawa kiwiko chake kilikuwa kikivutwa.

"Nyumba yetu haina ngazi," alisema Sauti. "Baba, nyumba yetu haijawahi kuwa na ngazi."