Lori la Magodoro Mia Sita

Asubuhi ile nilikula kiapo kabla ya shahidi yeyote. Mama alikuwa akijifunga kitambaa mbele ya kioo, akaniambia bila kugeuka, "Ukifungua mdomo mahakamani, nitakufunga wewe kabla hawajanifunga mimi."

"Naapa, Mama. Nitakuwa kimya kama dawati."

"Dawati lako la shuleni lilikutwa na chura ndani."

Sikukata rufaa.

Mama alikuwa mhasibu wa kiwanda cha magodoro. Mkurugenzi wake alidai kwamba duka moja lilinunua magodoro mia sita kwa pesa taslimu, na pesa hizo Mama akazila. Duka lenyewe lilikuwa limeshafungwa na mwenyewe hajulikani alipo. Kwenye hesabu za kiwanda mauzo yalionekana. Benki pesa hazikuonekana. Hakimu akimwamini mkurugenzi, Mama anakwenda gerezani, na mimi nahamia kwa mjomba, mtu anayezima taa akihofia balbu itachoka.

Upande wetu tulikuwa na wakili mwembamba na mkaguzi mmoja wa hesabu, mwanamke ambaye kazi yake ni kunusa hesabu zilizopikwa. Nilimwita Bibi Miwani, kwa kuwa alivaa miwani moja puani na nyingine kichwani, na bado alipapasa mkoba akitafuta ya tatu.

Mkurugenzi alitangulia kizimbani, suti imepigwa pasi hadi inakata. Bibi Miwani akamnong'oneza wakili jambo. Wakili akainuka.

"Mzee, mzigo huo ulitoka kwa safari ngapi?"

"Moja tu! Lori letu ni moja, na hati ya mzigo inasema hivyo. Nilisimama getini mimi mwenyewe, nikalipungia mkono."

"Kwa macho yako?"

"Kwani nilipunga nikiwa nimelala?"

Watu wakacheka. Wakili akashukuru na kuketi, na mimi nikaona tumekwisha.

Zamu ya Bibi Miwani ikafika. "Mheshimiwa Hakimu," alisema, "mwaka huo mauzo ya kiwanda yalikaribia kuongezeka mara mbili. Lakini sponji iliyonunuliwa ni ile ile, kitambaa kile kile, umeme ule ule. Mauzo yamenenepa, kiwanda kimekonda. Kisha hesabu hizo zikapelekwa benki kuombea mkopo. Benki ilipouliza pesa ziko wapi, ndipo mkurugenzi akamnyooshea kidole mhasibu. Hakuna pesa iliyoibwa, kwa sababu katika hayo mia sita hakuna godoro lililouzwa."

Mwendesha mashtaka aliinuka taratibu, kama mtu aliyeshiba. "Na kama magodoro hayo yalikuwa akiba ya miaka ya nyuma? Wewe ulikuwepo ghalani?"

"Sikuwepo."

"Ahsante."

Mama aliinamisha kichwa. Niliuma ulimi hadi nikaonja chumvi.

"Sijamaliza, mheshimiwa," alisema Bibi Miwani. "Hata kama yalikuwepo, naomba tulipakie lile lori. Tuone."

"Magodoro yanabanwa!" mkurugenzi alipayuka kutoka kwenye benchi. "Wapakizi wangu ni mafundi!"

"Vizuri," alisema hakimu. "Tutauona ufundi."

Mchana mahakama nzima ikahamia uani kiwandani. Karani alisimama na kalamu, akihesabu kwa sauti. Mwanzoni lori liliyameza magodoro kwa njaa ya kutisha. Karani akasema mia, na nafasi ikabaki. Mama alinishika kiganja akakiminya. Bibi Miwani akaacha kufuta miwani.

"Kanyageni!" mkurugenzi aliamrisha. "Sponji ni hewa tu!"

Wapakizi wakapanda juu, wakakanyaga, wakafunga kamba, wakasukumiza mengine. Mia na hamsini. Mia na themanini. Lori lilikuwa limevimba mbavu. Nilitaka kupiga kelele. Miaka minne nimelala bwenini, nalijua godoro: ukilikanyaga, linakusubiri tu uondoke.

Kamba ikakatika.

Magodoro yalichomoka kama wanafunzi waliosikia kengele. Moja likamfuata mwendesha mashtaka na kumketisha chini kwa heshima zote.

"Lilifika mia na themanini, mheshimiwa," alisema karani. "Sasa linapungua."

Hakimu alimgeukia mkurugenzi. "Lori ulilolipungia ndilo hili?"

"Ndilo. Ila... labda zilikuwa safari mbili."

"Umeapa ilikuwa moja."

"Labda nne."

"Na hizo nyingine hukuzipungia?"

Mkurugenzi alitazama geti. Askari naye akalitazama, kisha akasogea akasimama hapo.

Tuliporudi mahakamani, mwendesha mashtaka, akiwa bado na vumbi la sponji mgongoni, aliomba kesi iondolewe. Hakimu akamwambia Mama yuko huru, na mkurugenzi asiondoke mpaka atoe maelezo juu ya hesabu alizoipelekea benki. Mama alibaki ameketi pale pale, kama hajasikia. Tukamnyanyua mimi na Bibi Miwani.

"Mama, kiapo changu kimeisha?"

Alijifuta machozi. "Sema moja. Moja tu."

Mkurugenzi alikuwa ameketi ukumbini, askari ubavuni. Nikamsogelea, nikainama kwa adabu.

"Shikamoo, mzee. Nasikia huko unakokwenda watu wanalala sakafuni. Tukuletee magodoro? Safari moja tu itatosha."

Mama alinishika sikio, lakini hakulivuta.