Vichwa vya Greni Arobaini

Nkirote alikuwa mtu wa kupima. Kazi yake katika hospitali moja ya Maplewood ilikuwa kuandaa dawa za kutiwa mshipani, na kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kuandikiwa kosa hata moja. Hata nyumbani hakupika wali kwa kukadiria. Kwa hiyo mumewe, Wanjala, alipokata shauri kununua bunduki ya kuwakabili graundihogi shambani, hakuna aliyeshangaa kwamba ni Nkirote aliyeishia kutengeneza risasi.

Shamba lenyewe lilikuwa ekari moja na nusu waliyokodi kwa bibi mmoja Mzungu aitwaye Velma, kupita Maple Grove, pale nyumba zinapoisha na mahindi yanapoanza. Walipanda sukuma wiki, managu na saga, mboga za kwao, kwa ajili ya Wakenya wenzao. Graundihogi, mnyama mnene kama paka aliyeshiba, mwenye meno ya panya, alichimba chini ya uzio na kumaliza safu nzima ya managu kwa asubuhi moja. Walitega mitego, wakanyunyiza pilipili, wapi. Mwishowe Velma mwenyewe akawaambia wapige bunduki, ila kwa sharti moja: risasi isivuke mpaka. Ng'ambo kulikuwa na ng'ombe wa jirani, na nyuma ya ng'ombe kulikuwa na nyumba yenye watoto.

Sharti hilo ndilo lililompeleka Nkirote kwa Bonheur, Mkongomani aliyekuwa mlinzi wa jengo la maofisi Saint Paul. Bonheur alijitengenezea risasi za bastola za kufanyia mazoezi. Ndiye aliyemweleza kwamba kichwa kizito cha risasi kinaweza kugonga ardhi kikadunda na kwenda kusikojulikana, lakini kichwa chepesi chenye gamba jembamba la shaba huenda mbio sana, na kikigusa udongo tu hupasuka vipande vipande, kikaishia papo hapo. Nkirote akasoma vitabu viwili vya vipimo tangu jalada hadi jalada. Akalinganisha vichwa vya greni hamsini na tano, hamsini, arobaini, na thelathini na tano. Greni ni kipimo kidogo mno cha uzito. Arobaini hazifiki hata gramu tatu. Vile vya thelathini na tano vilichukuliwa na upepo. Vya arobaini viliupenda mtutu wa Wanjala: kwa hatua mia moja vilitoboa matundu matano kwenye karatasi, na sarafu moja ikayafunika yote. Akachagua arobaini, akalala usingizi mzuri kwa ajili ya wale ng'ombe na wale watoto.

Nyumba ya kupanga ya Bonheur kule Hopkins haikuruhusu baruti, kwa hiyo alikuja kufanyia kazi yake katika besimenti, chumba cha chini ya nyumba, ya kina Nkirote. Meza ilikuwa moja na vifaa vilikuwa vya wote.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, saa tatu kasorobo asubuhi, Nkirote alikuwa akikunja nguo simu ilipolia.

"Dada, samahani kukusumbua," Bonheur alisema. "Naangalia kopo langu hapa kwenye gari, naona baruti imepungua sana. Ile nilibakisha mu kipimio Jumanne, uliitoa?"

Nkirote alibaki na soksi mkononi. Kipimio kilikuwa kile chombo kilichofungwa mezani: baruti humiminwa kwenye chupa juu, mkono ukivutwa, kipimo kimoja huanguka ndani ya ganda la risasi. Alhamisi alikuwa ametoka kazini baada ya saa kumi na mbili za kusimama. Aliikuta chupa imejaa kama theluthi, akadhani ni baruti yake mwenyewe ya wiki iliyotangulia, akamimina nyingine juu yake hadi ikajaa. Zote zilikuwa chembe ndogo za kijivu. Alipima kila kipimo kwenye mizani, na vyote vilikuwa sawasawa. Lakini mizani hupima uzito tu, haijui jina. Baruti ya bunduki huwaka polepole, ikikisukuma kichwa cha risasi mtutu mzima. Ya bastola huwaka yote mara moja. Ukiijaza ndani ya ganda la bunduki, unampa mtu bomu la kuegemeza shavu.

"Dada?"

"Sikuitoa," alisema. "Niliongezea yangu juu."

"Ulitengeneza ngapi?"

"Ishirini."

"Ziko wapi?"

"Wanjala ameondoka nazo saa kumi na mbili."

"Asipige hata moja, dada. Hata moja. Unanisikia?"

Nkirote alikwisha kukata simu. Akampigia Wanjala. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na tena, huku akijua kwamba simu ile ilikuwa ndani ya pikapu, kwa maana Wanjala hakupenda kulala kifudifudi na kitu mfukoni. Akashuka ngazi mbio. Nje alikumbuka funguo, akarudi. Alijaribu mara tatu kuuweka ufunguo mahali pake.

Akiwa barabarani alimpigia Velma kwenye simu ya nyumbani. Bibi alichukua muda mrefu kuipokea.

"Velma, ni mimi Nkirote. Umemsikia Wanjala akipiga bunduki?"

"Nimesikia mara tatu," Velma alisema. "Halafu kimya. Sasa yapata dakika kumi na tano."

Malori yalimpita kushoto. Mara tatu, halafu kimya.

"Kuna shida, mpenzi?"

"Mwambie aache. Mwite. Risasi nilizompa ni mbaya, zitamlipukia."

"Nilifanyiwa upasuaji wa nyonga mwezi wa nne. Siwezi kufika huko chini. Nitaita kutoka barazani, ila anavaa vile vitu vya masikioni. Niite ambulensi?"

Nkirote alisema hapana, ngoja nifike. Alipokata tu akajuta. Kwa nini amesema hapana? Ni kama kwamba akikubali ambulensi atakuwa amelikubali jambo lenyewe. Akapiga tena, akakuta simu ya Velma inatumika.

Barabara ya 694 ilikuwa na mapipa ya matengenezo ya rangi ya chungwa tangu darajani, njia tatu zikibanwa kuwa moja. Chini Mto Mississippi ulikuwa ukienda taratibu, na magari juu yake yalikwenda taratibu kuushinda. Nkirote alijaribu kukumbuka alivyozipanga risasi kwenye kisanduku. Baruti ya Bonheur ilikuwa chini, kwa hiyo ilitoka kwanza. Zile za kwanza zilikaa safu ya kwanza, kushoto. Na Wanjala hula chapati kuanzia kushoto, husoma gazeti kuanzia kushoto, huvaa kiatu cha kushoto kwanza. Aliliona shavu lake limelala kwenye mti wa bunduki na jicho lake limefumba. Akaanza kuomba kwa Kimeru, kwa maneno ya utotoni, kwa kuwa maneno mengine yote yalimtoroka.

Dakika hamsini baadaye aliingia kwa Velma. Bibi alikuwa amesimama barazani kwa mikongojo, akaelekeza mmoja kuelekea bondeni. Nkirote hakusimama. Alishuka na njia ya matrekta mpaka akaiona pikapu, na mbele yake akamwona Wanjala.

Alikuwa amelala kifudifudi kwenye nyasi, miguu imetanuka, hatikisiki.

Nkirote alisikia sauti ikimtoka, si neno. Halafu kiwiko cha Wanjala kikasogea. Kilikwenda nyuma, kikarudi mbele, na akajua kiwiko kile kimefanya nini: kimefunga komeo la bunduki nyuma ya risasi.

Akabonyeza honi na kuishikilia. Kati yao palikuwa na hatua mia mbili, na zile kofia za kuzibia masikio zilikuwa nzuri. Yeye mwenyewe ndiye aliyezichagua, akalinganisha aina nne. Wanjala hakugeuka. Shimo la graundihogi lilikuwa kwenye tuta upande wa kulia, na mtutu ulikuwa umeelekea huko.

Angeweza kukimbia. Angefika akiwa amechelewa. Alipinda usukani akaingia shambani, magurudumu yakapita juu ya managu na sukuma, gari likirukaruka, kichwa chake kikigonga dari. Alikwenda moja kwa moja mpaka kati ya mumewe na lile tuta, akakanyaga breki. Vumbi lilipotulia alikuwa akitazama kitundu cheusi cha mtutu kupitia kioo cha mlango.

Kichwa cha Wanjala kiliinuka nyuma ya darubini. Kisha akaisukuma bunduki kando, akasimama, akazing'oa zile kofia.

"Unataka nikuue?" Hakupaza sauti, na hilo lilimtisha Nkirote zaidi. "Kidole kilikuwa hapo. Nkirote, kidole kilikuwa hapo tayari."

"Itoe risasi," alisema. "Itoe polepole. Zile zangu zote ni mbaya."

Wanjala alimtazama, akaitazama bunduki. Akapiga magoti, akafungua komeo, na risasi moja ikaanguka kwenye nyasi, safi, inang'aa, kichwa chake chembamba kama penseli iliyochongwa. Kisanduku kilikuwa kando yake. Pengo lilikuwa moja tu, safu ya kwanza, kushoto.

"Ulipiga tatu. Velma alisikia tatu."

"Za dukani. Nilikuwa nakagua darubini. Zako nilimwekea yule mkubwa, nimemngoja zaidi ya saa nzima." Akaelekeza kidole kwenye tuta. "Alikuwa ametoa kichwa."

Nkirote alifungua mlango, akatapika kwenye sukuma. Alipomaliza Wanjala alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye gurudumu, mikono juu ya magoti. Naye akakaa karibu yake. Alimweleza jambo lote, tangu Jumanne ya Bonheur hadi Alhamisi yake, bila kujitetea. Ng'ombe wa jirani walikuwa wamekusanyika kwenye uzio, wanawatazama. Kutoka juu walisikia king'ora. Velma alikuwa ameita ambulensi hata hivyo.

Alasiri Bonheur alifika besimenti na nyundo yake ya plastiki ya kung'olea vichwa. Waligonga moja moja, wakamwaga baruti ya kila ganda kwenye karatasi yake, wakaitazama kwa lenzi kubwa. Chembe za bastola zilikuwa bapa kama ufuta uliokanyagwa. Za bunduki zilikuwa za duara. Kumi na moja za kwanza zilikuwa za bastola tupu. Nne zilikuwa mchanganyiko. Tano tu ndizo zingefanya kazi yake.

"Ni mimi niliacha," Bonheur alisema.

"Ni mimi sikutazama."

"Nyinyi mnagombania hili kosa kama watu wanaogombania kulipa hotelini," Wanjala akasema. Lakini hakutabasamu, na jioni hakula.

Jumatatu Nkirote alirudi kazini, na hofu ikaja naye. Alijaza bomba la sindano, akasoma lebo, akaisoma tena, kisha akamwita mwenzake Margaret aisome. Margaret alidhani ni utani. Wiki ya tatu alikuwa bado anamwita. Usiku, akifumba macho, alikiona kile kitundu cheusi, ila hakikuwa kimemwelekea yeye, kilimwelekea Wanjala.

Graundihogi hawakujua kwamba kuna watu wamepumzika. Kufikia katikati ya mwezi wa saba walikuwa wamemaliza managu na kuhamia sukuma. Wanjala alijaribu risasi za dukani, za vichwa vizito, lakini moja iligonga jiwe ikalia kuelekea kwa jirani, naye akaacha siku hiyo hiyo. Jioni moja alishuka besimenti, akavuta kiti.

"Nitengenezee kumi," alisema. "Nitakaa hapa."

"Siwezi."

"Nitakaa hapa nisome kopo kwa sauti. Wewe pima."

Alikaa. Nkirote aliitoa chupa ya kipimio, akaigeuza juu chini, akaigonga, akaifuta kwa kitambaa, akaiangaza kwa taa. Mezani palikuwa na kopo moja tu. Bonheur alikwisha kuhamishia yake kwa rafiki yake wa kule Saint Paul. Wanjala alisoma jina, akasoma nambari, akasoma tena kila alipoambiwa. Kazi ya dakika kumi ikachukua saa moja na nusu.

Jumamosi walikwenda pamoja. Wanjala alitandika mkeka kwenye nyasi akataka kulala, Nkirote akamshika bega.

"Ya kwanza nitaipiga mimi."

"Hapana."

"Niliitengeneza mimi. Kaa kule nyuma ya pikapu."

Walibishana kidogo. Mwishowe Wanjala akaenda, si nyuma ya pikapu, ila hatua chache tu, akasimama. Nkirote alivaa miwani, akavaa kofia za masikio, akalala. Shavu lake lilipogusa mti wa bunduki, lilikuwa baridi kuliko alivyofikiri. Alilenga kopo tupu mbele ya tuta. Moyo ulidunda hata darubini ikawa inaruka nao. Alijua alichopima. Alijua amekisoma, na mumewe amekisoma. Hata hivyo kidole kilikataa, akakiambia, kikakataa tena.

Akavuta.

Bunduki ikampiga begani kidogo tu, kama mtoto anayesukuma mlango. Kopo likaruka. Nyuma yake udongo ulitimka, ukatulia, na hakuna kilichoendelea mbele. Nkirote alilala pale pale, macho wazi, mpaka Wanjala alipokuja kukaa kando yake.