Dada Yangu, Kivutio Namba Kumi na Nne

Niliota usiku wa jana kwamba nimeshuka Roma, na aliyekuja kunipokea ni ratiba yangu mwenyewe.

Ni zile karatasi nne nilizochapisha dukani Ijumaa, zimebanwa pini kwenye kona. Sasa zina miguu, zimevaa kofia ya askari na zinatazama saa.

"Senzia," akasema Ratiba, "umechelewa dakika mbili. Chemchemi imeshapita."

"Ipi?"

"Ile ya kutupia sarafu. Ilikungoja hapa mlangoni, ikaondoka."

Sikushangaa. Katika ndoto chemchemi ina shughuli zake.

Nieleze kidogo. Mimi nauza vigae Moshi. Mwaka huu niliuza kuliko wenzangu wote, na kiwanda cha Italia kinachotuletea hivyo vigae kikanizawadia siku tano za kutalii huko kwao. Siku tano! Nikakaa na simu na kalamu, nikaziminya hizo siku mpaka zikatoa vivutio kumi na tisa. Aliyenichochea ni Kirumbi, mwenzangu wa kaunta. "Usiporudi na picha ya kila kitu," alisema, "sisi tutajua ulijificha hapo Himo."

Katika hivyo kumi na tisa yumo dada yangu Nakijwa. Anashona mikoba Bolonya, huko huko Italia, hatujaonana miaka sita, na siku yake ya mapumziko ni Jumapili peke yake. Nilimwandika Jumapili, saa tatu na dakika ishirini hadi saa nne na dakika arobaini, namba kumi na nne, katikati ya mnara wa Pisa na mifereji ya Venisi. Nilijiona nimempa nafasi nzuri kabisa, jirani na watu wakubwa.

Tuendelee na ndoto.

Namba moja ilikuwa Koloseo, ule uwanja wa kale wa mviringo. Nainua simu nipige picha. Uwanja unakohoa.

"We kijana. Ndiyo unapita hivyo hivyo?"

Naona haya. Mimi ni mtu wa Usangi, nimelelewa kwa kuamkia kila aliyenitangulia kuzaliwa, na huyu ana karibu miaka elfu mbili.

"Shikamoo, Koloseo."

"Sema huku. Sikio la upande ule lilibomoka."

Nikazunguka. "Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umetoka wapi?"

"Usangi."

"Usangi kwa nani?"

Nikamtaja Baba, nikamtaja Babu, nikataja kitongoji. Koloseo akauliza mvua imenyesha? Nikasema imenyesha. Tangawizi je? Nikasema bei si mbaya. Mama anaendeleaje na goti? Nikamwambia anaendelea, ila ngazi za kanisani zinamsumbua.

"Ngazi," akasema Koloseo, akavuta pumzi kupitia matao yake yote. "Usiniambie mimi habari za ngazi."

Tulipomalizana ilikuwa saa saba mchana. Ratiba alikuwa ametota jasho, wino wa Jumamosi umeanza kuchuruzika.

"Ulipewa dakika arobaini," akaninong'oneza.

"Sasa ningemkatisha mzee?"

Koloseo akaniita. "Unaelekea Pisa? Nipelekee salamu kwa mnara." Akanipa salamu. Zilikuwa zimefungwa kwenye kitambaa kizito, kama kilo nne hivi, bado zina joto. Nikazitia begini.

Tukaenda kwa mtindo huo. Kila jengo ni mzee, kila mzee ana maswali, na kila mzee ana salamu za kupeleka kwa mwenzake. Kanisa moja la Firenze lilinipa salamu za kuba kwa kuba, mviringo, zisizokaa vizuri popote. Daraja moja likanipa salamu ndefu. Nilipofika namba kumi na mbili begi halifungi.

Ratiba akachungulia ndani. "Kuna mfuko huku chini. Toa huo."

Mfuko huo ni wa Mama. Ametia mahindi yaliyokobolewa na maharage ya shambani, akaushona mdomo kwa uzi mwekundu, niupeleke kwa Nakijwa apike makande. "Mwenzio anasema huko maharage yanalala kwenye makopo," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeelezea msiba.

"Huu hautoki," nikasema.

"Tutoe tu," maharage yakasema kutoka ndani, kwa upole. "Usihangaike. Sisi kusubiri tumezoea. Nakijwa naye amezoea."

Maneno haya yalinichoma kuliko kama yangenitukana. Nikalikalia begi mpaka likafunga. Nilipoinuka, tulikuwa Pisa.

Mnara umeinama kama picha zote zinavyosema. Mbele yake watu mia wamenyoosha mikono hewani, wanapigwa picha wakijifanya wanauzuia usianguke.

"Shikamoo, mnara. Salamu zako hizi, kutoka Roma."

"Marahaba. Ziweke hapo chini. Unajua kwa nini nimeinama?"

"Udongo laini. Nimesoma."

"Nasikiliza. Watu wanaongea chinichini sana." Ukasogea kidogo. "Wewe ni mtu wa vigae, siyo? Kimoja kimelegea kwenye ngazi yangu ya sita."

"Hiyo ni saruji ya kujazia tu," nikasema. "Siku moja inatosha."

"Una siku moja?"

"Nina dakika kumi na tano."

Mnara ukacheka, kengele zikalia kidogo. "Kila siku watu wanajifanya wananishika. Hebu nishike kweli."

Ukanilalia begani. Sijui niwaambieje: ni mzito, lakini si mzito wa kuumiza. Ni kama mtu aliyesinzia kwenye basi.

"Umekuja Italia kumwona nani?" ukauliza, karibu kabisa na sikio langu.

"Kukuona wewe."

"Mimi nimeshaonekana," ukasema. "Nani hajaonekana?"

Shingo ilikuwa imeanza kukakamaa.

Mlango mdogo ukafunguka ubavuni mwa mnara. Nikaingia, nikakanyaga maji. Ni sebule yetu ya Usangi, kochi ni lile lile, kalenda ya mwaka juzi iko pale pale, lakini maji yamefika kwenye vishikio vya makabati na kuna mitumbwi myembamba myeusi inapita kuelekea jikoni.

"Venisi ni namba kumi na tano!" Ratiba akapiga kelele. "Tumeruka mtu!"

Mama anakuja kwenye mtumbwi, amesimama wima, goti halimsumbui kabisa. Anapiga kasia kwa mwiko wa ugali.

"Panda," akasema. "Na huyo mwenzako wa karatasi akae katikati, asilowe."

Tukapanda. Mama anapiga mwiko taratibu.

"Umemwona mwenzio?"

"Jumapili, Mama. Saa tatu na dakika ishirini."

"Mpaka?"

"Saa nne na dakika arobaini."

Mama akaendelea kupiga maji. Tukapita jikoni, tukapita stoo. "Senzia, makande yanaiva kwa muda gani?"

"Saa tatu, Mama. Kama moto ni mzuri."

"Na wewe umempa lisaa limoja na dakika ishirini."

"Ndiyo."

"Basi utamkuta anaosha sufuria, na utamwacha anapuliza moto." Akanitazama. "Hongera. Utakuwa umeiona sufuria."

Mtumbwi ukagonga ukuta. Bolonya.

Nilitegemea nyumba. Nikakuta foleni. Kuna kamba nyekundu, kibao chenye namba kumi na nne, dirisha la tiketi, na nyuma ya kamba, juu ya jiwe jeupe, amesimama dada yangu Nakijwa. Amevaa aproni ya kazini, sindano imechomekwa kolani, mkono mmoja ameuinua kidogo kama mtu aliyekatishwa akipunga. Hapepesi. Chini yake pameandikwa: USIGUSE.

Watalii wawili mbele yangu wakampiga picha, wakaondoka. "Nilidhani ni mkubwa zaidi," mmoja akasema.

Zamu yangu ikafika. Nami, Mungu anisamehe, nikainua simu.

"Haya," akasema Nakijwa bila kutikisa mdomo. "Mawe yote umeyaamkia. Daraja umeliamkia. Mimi unanielekezea simu."

Simu ikawa nzito kama salamu za Koloseo. Nikaishusha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akasema, na jicho moja likapepesa. "Umenenepa kichwa. Kimeingia ufahari au ni maji ya Moshi?"

"Ni vigae. Shuka basi, tusalimiane."

"Siwezi. Angalia ulichokata."

Nikaangalia mkononi. Tiketi yangu imeandikwa KUTAZAMA.

Nikakimbilia dirishani. Ndani amekaa mama mmoja mwenye miwani, anakula embe kwa kijiko.

"Naomba tiketi ya kukaa."

"Kukaa ni vivutio kumi na vinane."

"Vyote?"

"Huyu ana Jumapili moja tu kwa wiki," akasema, akifuta kijiko. "Ungekuja wakati ana nyingi, tungeongea."

Ratiba akanishika shati kwa kona zake zote. "Senzia, fikiria. Utawaonyesha nini dukani? Kirumbi atasema nini?"

Na Kirumbi, kwa kuwa ametajwa, anatokea kwenye foleni na shati lake la kazini. "Umefika Italia," anasema, "ukala makande?" Foleni nzima inacheka. Hata wale wasiojua makande ni nini wanacheka.

Nikiri hapa: nilisita. Mtu anaweza kusita hata usingizini. Nilimtazama Kirumbi, nikamtazama dada yangu na ule mkono wake ulioinuka nusu. Nikakumbuka siku aliyoondoka, uwanja wa ndege pale KIA. Alinipungia nyuma ya kioo, mimi nikiwa nimeinamia simu natafuta pembe nzuri ya kumpiga picha. Mkono ule hakuwahi kuumaliza. Picha yenyewe ilitoka na ukungu.

Nikafungua begi nikaanza kutoa. Salamu za daraja. Salamu za kuba. Kila nilipoweka moja dirishani, jengo lenyewe liliitikia kutoka mbali, bila kinyongo: haya mwanangu, siku nyingine. Koloseo akasema, "Nipo. Miaka elfu mbili nipo, naenda wapi?"

Wa mwisho ulikuwa uzito wa mnara, uliobaki begani mwangu tangu Pisa. Ule mnara ukaniinukia begani taratibu. "Kile kigae," ukasema, "si cha haraka."

Mama wa dirishani akapiga muhuri. Tiketi ikaandikwa KUKAA.

Nakijwa akaumaliza ule mkono. Akanipungia kabisa, mara tatu, kisha akashuka kwenye jiwe akijishika kiuno. "Miaka sita nimesimama," akasema, "na hakuna hata aliyeniletea kigoda."

Kuanzia hapo ndoto haikuwa na haraka. Tumekaa chini kwenye kajiko kake, jua la asubuhi linaingia dirishani. Nakijwa amekata uzi mwekundu kwa meno, amemwaga maharage kwenye sinia, tunachambua. Ametia maji kwenye bakuli, tunayatupa humo moja moja. Ratiba amejikunja mara nne, amelala chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba. Anakoroma. Sijawahi kumwona ametulia hivyo.

"Mama goti lake?"

"Linasumbua kwenye ngazi."

"Nawe bado unauza vigae vya ngazi. Si ungemwekea vile visivyoteleza?"

Hilo sikuwa nimewahi kulifikiria, mimi muuzaji bora wa mwaka.

"Muone," akasema, akacheka, akanirushia harage lililokwisha lowa. Likanidunda kifuani, likaingia kwenye kiatu changu cha kushoto. Nikainama kulitoa.

"Liache," akasema. "Utalirudisha ukija."

"Si nimeshakuja?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mdogo wake asiyejua kuwa amelala. Kwenye jiko sufuria ikaanza kutokota. Nilisikia harufu, nikanyoosha sahani.

Nikaamka.

Kumekucha, Moshi, chumbani kwangu. Shingo imekakamaa upande mmoja, ule uliolaliwa na mnara, lakini nikasema hiyo ni kwa sababu ya mto. Safari ni Alhamisi. Simu ina ujumbe wa Nakijwa: "Jumapili unapita saa ngapi? Nijue kama nichemshe chai tu."

Chai tu. Niliyasoma hayo maneno mara mbili.

Nikamjibu: "Sipiti. Nakaa kutwa. Tutapika makande." Kisha nikachukua kalamu, nikaanza kufuta. Nilimbakiza Koloseo, siku ya kushuka, kwa kuwa ni mzee na tumeshajuana. Mnara niliufuta mwisho, na nikauomba radhi kwa sauti. Kirumbi atasema atakayosema.

Nikaenda kupanga viatu begini. Ni vipya, vya safari, bado vimo kwenye boksi na yale makaratasi ya dukani ndani yake, sijavivaa hata mara moja. Cha kushoto kikagonga kitu.

Ni harage. Limevimba, ngozi imelainika, limelowa kama lililolala kwenye maji usiku mzima.

Nikafungua begi nikatazama mfuko wa Mama. Uzi mwekundu upo, mshono haujaguswa, na ndani yote makavu, yanachakacha.

Nimelifunga hilo moja kwenye ukurasa wa tatu wa ratiba, ule ulioshika Jumapili, nikaliweka mfukoni mwa koti. Nalirudisha mwenyewe.