Saa Moja Iliyofutwa

...na bado Oscar anaongea kwenye simu, "Kakenya, niandike kwenye ripoti jukwaa limepita? Wenyewe wanangoja," na Kakenya ameikodolea kompyuta macho hapa Kitengela, mabati yanalia kwa jua, yeye anapiga hesabu za barafu ya bahari, yeye ambaye barafu aijuayo ni ya friji, haki ya Mungu, barafu inayosukuma jukwaa linaloelea na watu themanini wanaolala humo, na kwenye hesabu minyororo ya kulishika imeshika vizuri kabisa, itakosaje kushika na ile saa moja ya vipimo haimo, ile saa aliyoifuta kwa mkono wake mwezi jana, rekodi za huko baharini zilipoonyesha barafu yote imegeuza mwelekeo kwa dakika kumi, ikaja ubavuni mwa jukwaa kabla halijaigeuzia pua, upande wake wenye nguvu, akacheka, akasema kipimo kimeharibika, kitu kikubwa hivyo hakigeuki hivyo... nani alimwambia hakigeuki?... "Kakenya, uko?" "Niko, niko, ngoja"... ng'ombe wa baba ndio walimwambia, wanaenda pole wakimfuata yule wa kengele, ukimgeuza yeye unangoja wee mpaka wa nyuma nao wageuke, basi akaipa barafu tabia ya ng'ombe, mjinga yeye, na hata hao ng'ombe hakuwakumbuka vizuri, aliisahauje siku ile kule malishoni Mashuuru, ule mwaka wa kiangazi, upepo ukaleta harufu ya maji na wa kengele hakuna aliyemtazama tena, wote mia mbili waligeuka mara moja, na Parmuat, kakake, alikuwa upande huo, kati yao na nguzo za boma, mbavu nne zikavunjika, Mungu wangu, ile sauti... na baba, mzee Lesiamon mwenyewe anayewajua ng'ombe kwa majina, amekaa kwenye benchi la hospitali Kajiado akirudia tu, "Mimi nilikuwa naangalia mbele, nilikuwa naangalia mbele"... "Kakenya, ni ndiyo ama siyo?"... akisema siyo atakiri alifuta, na kazi hii aliyoitafuta miaka mitatu inaweza kwenda hivyo hivyo, anaogopa, na angenyamaza tu, nani angejua, saa moja tu kati ya maelfu... lakini Parmuat mpaka leo akicheka anajishika ubavu, na huko kuna themanini, na mabati bado yanalia, na Oscar bado anapumua kwenye simu, "Usiandike, Oscar. Kuna saa moja niliifuta."