Alama Nyekundu ya Biskuti

Mdogo wangu akitoka maabara, mama humwita "daktari wangu," ingawa kazi yake ni kupima mafuta ya biskuti. Mimi nikifika, ananiuliza kama nimekula. Sifichi, nilimwonea wivu mdogo wangu mpaka usingizi ukawa unaniruka.

Tulikuwa ofisi moja ya viwango vya chakula, yeye maabara, mimi chumba cha lebo. Yeye alitaka serikali ipige marufuku mafuta magumu yanayoziba mishipa ya moyo. Mimi nilitaka yaachwe, ila pakiti zibandikwe alama ya onyo, mnunuzi aamue mwenyewe. Nilichora duara jekundu lenye moyo katikati, likajaribiwa madukani mwezi mzima. Ijumaa mkurugenzi angechagua njia moja.

"Dada, watu hawasomi lebo," aliniambia kwenye ngazi.

"Unawaona wajinga?"

"Nawaona wana haraka."

Nikamsonya. Hata kwa maneno alinishinda!

Alhamisi nilipita kwa mama, aliyetoka hospitali mwezi uliopita baada ya kulazwa kwa ugonjwa wa moyo. Nilitaka aniombee dua nimshinde mwanawe mwingine. Huko ndiko wivu ulikonifikisha. Jikoni, kando ya picha ya mahafali ya mdogo wangu, nikakuta maduara yangu tisa yamekatwa kwenye pakiti na kubandikwa ukutani.

"Mama, hizi biskuti umekula wewe?"

"Kila asubuhi na chai. Si muhuri wako huo? Nimemwambia muuza duka, mwanangu mkubwa ndiye anayepitisha chakula. Zisizo na muhuri sigusi."

"Ule moyo ni onyo, mama."

"Onyo gani tena? Mimi nilijua ni dawa ya moyo."

Alisema huku akitabasamu kwa fahari niliyoisubiri tangu utoto. Nilitamani nimwache nayo siku moja zaidi. Nikaketi, nikamweleza yote, nikatupa biskuti zilizobaki.

Ijumaa nilisimama kabla ya mdogo wangu. Nikamwomba mkurugenzi aiondoe alama yangu na apige marufuku mafuta yale.

"Kwa nini?" akauliza.

"Kuna mgonjwa wa moyo amemaliza pakiti tisa, kwa sababu alama nimeichora mimi."

Mdogo wangu akajua mara moja kuwa ni mama. Alishtuka, akashika mdomo. Kisha akanitazama kwa jicho la wivu ninalolijua vizuri, maana miaka yote lilikuwa langu.